Hilo jiwe umeokota ni nini? Anza na mahali, rangi ije mwisho

Picha ya jiwe kwa WhatsApp haiwezi kukuambia ni jiwe gani. Nasema hivi mapema juu ndio swali watu hutuma sana, mtu ameshika kitu kinang'aa kwa kiganja, jua linapiga, halafu anauliza "hii ni dhahabu ama ni rubi, na inaenda pesa ngapi?" Kamera ya simu inachukua rangi na mng'ao basi, na kwa mawe rangi ndio kitu cha mwisho kuamini. Kijani inaweza kuwa kito cha bei kali kutoka Taita Taveta na inaweza kuwa kipande cha chupa kilicholainishwa na mto, na kwa picha vyote viwili vinafanana kabisa. Njano inaweza kuwa dhahabu, inaweza kuwa pairaiti (ile wanaita dhahabu ya wajinga), inaweza kuwa mika iliyopigwa na mvua na jua miaka mingi hadi ikabadilika rangi. Watu wanaumia kwa hii kuchanganya, mwingine anamaliza akiba yake kununua shaba na zinki zilizoyeyushwa pamoja, mwingine anauzia broka jiwe la maana kwa bei ya chakula cha mchana juu hakujua ako na nini.

Hebu tupange mambo kwanza, juu hapa tunachanganya vitu vinne.

Madini ni kitu kigumu kilichojitengeneza chenyewe ardhini, kina fomula yake ya kemikali inayojulikana, na atomu zake zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia, hiyo ndio tunaita kristali. Kwatzi ni silikoni na oksijeni, iwe imetoka Machakos ama Brazil, ni ile ile. Mpaka sasa aina za madini zilizotambuliwa duniani zimepita 6,000 na zinaendelea kuongezwa, lakini usishtuke, ukijua vizuri kama kumi hivi utakuwa umejua sehemu kubwa sana ya mawe utakayokanyaga maisha yako yote. Mwamba nao ni mchanganyiko, ni kama githeri, mahindi unayaona kivyake na maharagwe kivyake lakini ukiulizwa umepika nini hutaji mahindi peke yake. Granaiti ina kwatzi, feldspa na mika ndani yake, kwa hivo huwezi kuuliza fomula ya granaiti, unauliza ina nini ndani na ilipoaje.

Metali ni swali la kiwanda, yaani tukichukua hii kitu tukaiyeyusha ama tukaipitisha kwa kemikali tutatoa elementi gani. Kito ni swali la soko: kinavutia, kinadumu, kinapatikana kwa shida, na kuna mtu ako tayari kulipa. Hakuna kipimo cha maabara cha kusema "hiki ni kito", ni binadamu ameamua. Ndio maana lulu na kaharabu huuzwa kama vito na hazikutoka kwa mwamba, moja imetoka kwa chaza na nyingine ni utomvu wa miti ya zamani sana.

Sasa angalia rubi uone vile haya maswali yanatengana. Kama madini, rubi inaitwa korundumu, ni aluminiamu na oksijeni, na ile rangi nyekundu inatoka kwa kromiamu kidogo sana iliyoingia ndani. Safaya ya buluu ni korundumu hiyo hiyo, ila imeingiliwa na chuma na titaniamu. Zaidi ya nusu ya uzito wa rubi ni aluminiamu, na hakuna mtu duniani anayechimba rubi atengeneze sufuria, aluminiamu ya sufuria inatoka kwa boksaiti, ambayo haina mvuto wowote kwa macho. Korundumu ile ile ikiwa chafu na haipitishi mwanga inasagwa inatengenezwa msasa. Kwa hivo ukiulizwa "hii ni madini gani" na "hii ina thamani gani", usijibu kwa pumzi moja.

Swali la kwanza ambalo mtu anayejua mawe atakuuliza ni "uliokota wapi?" Hiyo peke yake inakata majibu mengi.

Nairobi imekaa juu ya volkeno. Chini ya miguu yetu ni lava na majivu yaliyomwagika kutoka Bonde la Ufa na milima ya kando yake, tabaka juu ya tabaka. Yale mawe ya mashine ya Ndarugu ambayo mji mzima umejengewa ni jivu la volkeno lililogandamana likiwa moto, wanajiolojia huliita tufu. Siku nyingine ukipita site simama uliangalie moja kwa karibu mahali msumeno umepita. Utaona uso wa kijivu wenye vipande vidogo vyeupe vya feldspa, madoa meusi ya glasi ya volkeno, na vijiwe vyepesi vyenye matundu matundu vilivyobebwa ndani ya lile jivu. Limwagie maji uone vile linayanywa haraka. Hilo ni jiwe laini kiasi, ndio maana msumeno unalikata. Kokoto nyingi ya pande za Mlolongo na Katani ni kitu tofauti kabisa, ni lava iliyoganda ikaitwa fonolaiti, nyeusi ama ya kijivu kilichokolea, ngumu, na ukishika kipande bapa ukigonga na nyundo inalia. Kuna moja ya zamani inaitwa fonolaiti ya Kapiti, ina umri wa kama miaka milioni 13, na utaitambua kwa kristali kubwa nyeupe za feldspa zilizotapakaa ndani ya weusi, zingine ndefu kama kidole.

Rubi na tsavoraiti (kile kito cha kijani cha Taita Taveta) hazitengenezwi hivo. Hizo zinataka miamba ya zamani iliyopikwa na kukandamizwa chini sana ya ardhi wakati mabara yanagongana, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, ule mkanda wa miamba unaopita Taita Taveta, Kitui, Machakos na sehemu za Kajiado ukienda hadi Tanzania na Msumbiji. Kwa hivo mtu akichimba pit ya choo Kasarani akatoa kitu chekundu na kusema ni rubi, nitauliza maswali mengi sana kabla nikubali. Mtu wa Kasigau, kule Taita Taveta, akisema hivo nitavuta kiti.

Lakini kuna mtego hapa, na huu ndio unapata watu wa Nairobi. Mawe yetu husafirishwa. Mchanga wa ujenzi unatoka Machakos, Makueni na Kajiado, na ile ni miamba ya zamani iliyosagika ikabebwa na mito. Lori ikishamwaga mchanga kwa plot, mtoto anaona vitu vya dhahabu vinametameta na story inaanza. Hebu chukua ngumi moja ya huo mchanga uutandaze kwa karatasi nyeupe, uangalie polepole, ukiwa na lenzi ya mkono ni poa zaidi. Punje zinazopitisha mwanga kama glasi ni kwatzi. Nyeupe ya maziwa ama ya pinki yenye uso bapa unaorudisha mwanga ni feldspa. Utapata punje za duara za rangi ya damu ya mzee, hizo mara nyingi ni ganeti, ndogo mno kuuzwa. Nyeusi nzito zinazokaa chini, toa sumaku ya spika mbovu, izungushie karatasi ya plastiki, ipitishe juu, zitaruka zishike: hiyo ni magnetaiti, madini ya chuma. (Plastiki ni muhimu, bila hiyo utahangaika kutoa vumbi kwa sumaku.) Na zile zinazometameta rangi ya dhahabu ni mika. Ichokoze na ncha ya sindano, itatoka karatasi karatasi, itainama na kurudi. Tia kwa maji, itaelea elea na kushuka kwa mikogo. Dhahabu haifanyi hivo, inazama moja kwa moja kwa karai na inabaki chini wakati kila kitu kingine kimeoshwa, na ukiifinya na sindano inabonyea na kubaki hivo. Na inang'aa rangi ile ile kwa jua na kwa kivuli, mika ukiigeuza inazima.

Tukitoka kwa mahali tunaenda kwa ugumu. Mwaka wa 1812 Mjerumani anaitwa Friedrich Mohs alipanga madini kumi kutoka laini hadi gumu, kila moja linakwaruza lililo chini yake: talki, jasi, kalsaiti, fluoraiti, apataiti, feldspa, kwatzi, topazi, korundumu, almasi. Kumi hizo ni foleni tu, hazina hatua sawa, almasi imeiacha korundumu mbali sana ijapokuwa moja ni 10 na nyingine ni 9. Kwa nyumba una vifaa vya kutosha. Ukucha ni kama 2.5, waya wa shaba kama 3, kisu na glasi ya dirisha kama 5.5. Jiwe la sabuni la Kisii, lile linachongwa Tabaka, ukucha unaliacha alama juu ni laini sana. Kwatzi inakwaruza glasi bila shida.

Vile unafanya ni muhimu kuliko namba. Tafuta kona ya jiwe iliyovunjika karibuni, ile ngozi ya nje imeoza na mvua itakudanganya. Bonyeza uvute mstari mmoja mfupi kwa glasi iliyolala kwa meza, usiishike kwa mkono. Halafu lowesha kidole upanguse. Mara nyingi unachoona ni unga wa lile jiwe lenyewe umebaki juu ya glasi, ukipangusa unatoka, maana yake jiwe ndio laini. Kama mstari umebaki na kucha inaingia hapo, glasi ndio imekwaruzwa. Na tafadhali usijaribu hii kwa kito kilichokatwa tayari ama kwa pete ya mtu.

Halafu kuna jambo moja linaniuma sana. Kuna watu wanapima almasi kwa kuigonga na nyundo, ati ikivunjika ni feki. Kukwaruzika na kuvunjika ni vitu viwili. Almasi hakuna jiwe la asili litaikwaruza kirahisi, lakini ina pande zake dhaifu, ukiigonga vizuri inapasuka. Mtu anaweza kuharibu mali ya halali na mikono yake halafu aambiwe ilikuwa glasi.

Hizo pande dhaifu zenyewe ni kitambulisho. Mika inachanika karatasi. Kalsaiti inapasuka vijisanduku vilivyoegemea upande, kila kipande kidogo kina umbo la mama yake. Feldspa inapasuka kwa nyuso mbili zinazokaribia kona ya mraba. Kwatzi haina mpasuko wa kufuata, inavunjika na mikunjo ya duara kama chupa, na obsidiani ya pande za Naivasha na Hell's Gate pia, juu hiyo ni glasi tupu, lava iliyopoa haraka hadi kristali hazikupata nafasi ya kujipanga. Watu waliokaa Olorgesailie kule Kajiado zaidi ya miaka 300,000 iliyopita walikuwa wanajua hii tabia, walitoa obsidiani mbali, makumi ya kilomita, wakatengeneza visu vyao vya mawe. Hii hunifurahisha kila nikiifikiria, uainishaji wa mawe hapa kwetu ulianza kitambo sana.

Sasa rangi ya unga. Hii ni rahisi na inasaidia kuliko rangi ya jiwe lenyewe. Tafuta kipande cha taili kilichovunjika, hadiwea yoyote watakupa bure, ukigeuze nyuma mahali hakuna rangi ya kung'aa, halafu sugua jiwe hapo. Hemataiti inaweza kuwa nyeusi, ya fedha, ama ya kutu, lakini unga wake ni mwekundu wa kahawia kila mara. Pairaiti ni ya manjano ya shaba, inang'aa hadi unaona uso wako, na unga wake unatoka mweusi wenye ukijani. Dhahabu inaacha mstari wa dhahabu. Hapo mashindano yameisha. Ukiongeza nyundo, pairaiti inakuwa unga na unaweza kunusa harufu ya kiberiti, dhahabu inalala bapa. Na pairaiti hupenda kujitengeneza miraba yenye kona safi kabisa hadi mtu anafikiri imekatwa na mashine.

Lakini ukiokota pairaiti kwa mshipa wa kwatzi kule Migori ama Kakamega usiitupe kwa hasira. Dhahabu ya upande huo mara nyingi hukaa kwa mishipa ya kwatzi ikiwa pamoja na hizo familia za kiberiti, na inaweza kuwa ndani kwa chembe ndogo mno kuonekana. Kakamega ilijaa wachimbaji miaka ya 1930 na mpaka leo watu wanashuka mashimo huko. Jiwe kama hilo linapimwa maabara kwa kusagwa na kuyeyushwa. Ile zebaki watu hutumia kushika dhahabu halafu wanaichoma kwa jiko, wachana nayo, ule mvuke unaharibu ubongo na figo na haurudi nyuma, na watoto wakiwa karibu ndio wanaumia zaidi.

Uzito ndio kipimo naamini zaidi kwa mtu wa kawaida, na nashangaa watu hawakitumii. Unataka mizani ndogo ya gramu inayosoma nukta mbili, ile ya masonara. Pima jiwe likiwa kavu. Halafu weka glasi ya maji juu ya mizani, bonyeza isome sufuri, funga jiwe na uzi mwembamba ulining'inize ndani ya maji lisiguse chini wala kando, na mizani itakuonyesha namba ndogo. Hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawanya ile ya kwanza kwa hii ya pili, umepata densiti. Tuseme jiwe lako la kijani ni gramu 3.60 likiwa kavu na kwa maji mizani inasoma 1.00. Ni 3.6, na hapo ndio tsavoraiti hukaa. Ikisoma 1.44 umepata 2.5, na hiyo mara nyingi ni glasi ya chupa. Ikiwa kwa 2.7 zumaridi inaweza kuwa kwa mazungumzo, karibu na 3.2 jaribu kama kisu kinaikwaruza juu inaweza kuwa fluoraiti. Hakikisha hakuna povu limeshika jiwe, na ujue jiwe likiwa dogo sana kosa kidogo la mizani linageuza jibu.

Nimetaja tsavoraiti mara nyingi juu ni yetu. Ni ganeti ya kijani, rangi yake inatoka kwa vanadiamu na wakati mwingine kromiamu. Campbell Bridges, mwanajiolojia kutoka Scotland, aliipata kaskazini mwa Tanzania mwaka wa 1967, halafu miaka michache baadaye akaifuata mwamba ule ule hadi Taita Taveta, na mwaka wa 1974 kampuni ya Tiffany ikaitangaza kwa jina linalotokana na Tsavo. Wachimbaji wa huko hawafuati kijani, wanafuata tabaka la mwamba lenye grafaiti, ile nyeusi inayopaka mikono kama penseli, na kito kinakaa ndani ya mabonge wanayoyaita viazi. Mara nyingi bonge likipasuliwa limejaa nyufa na kipande safi ni kidogo. Gramu moja ni karati tano, na tsavoraiti safi iliyokatwa ikapita karati tano ni kitu cha nadra.

Jirani yake tanzanaiti, iliyojulikana pia 1967 pale Merelani, Tanzania, ni madini yanayoitwa zoisaiti, na ukiigeuza geuza kwa mwanga inatoa rangi tofauti kila upande, buluu, zambarau, na ikiwa haijachomwa kahawia ama shaba. Glasi ya buluu haifanyi hivo, na hii unaipima bila mashine yoyote. Sisi wote tunakumbuka yule mchimbaji wa Tanzania, Saniniu Laizer, Juni 2020, mawe mawili ya zaidi ya kilo 14 kwa pamoja na serikali ya Tanzania ikamlipa shilingi za Tanzania bilioni 7.74. Kwa ugumu lakini tanzanaiti ni 6 na nusu hivi, chini ya kwatzi, na vumbi la Nairobi limejaa vipande vidogo vya kwatzi, so pete ya tanzanaiti ukiivaa kila siku kwa matatu itachakaa.

Kwa dhahabu ile hesabu ya maji inafanya kazi kubwa. Dhahabu safi ni 19.3. Shaba ya njano ya mabomba ni 8.5 hivi, risasi 11.3, na dhahabu ya karati 18 (hii karati ni ya usafi, si ile ya uzito wa vito), ambayo ni asilimia 75 dhahabu, hucheza kati ya 15 na 16. Fikiria pakiti ya maziwa ya nusu lita: ikijazwa dhahabu itakuwa na uzito wa karibu kilo 10. Kilo moja ya dhahabu haifikishi ukubwa wa simu yako. Kwa hivo ukiitwa kwa ofisi ya kukodi mtaa fulani wa kifahari hapa Nairobi ukaonyeshwa sanduku la chuma limejaa vipande na kijana mmoja analiinua kwa mkono mmoja akiwa anaongea na simu, hesabu imekuambia kila kitu, chukua koti uende. Kuna mbinu moja inapita mtihani wa maji, tungsteni, ambayo densiti yake ni 19.25, wanaizungushia dhahabu ya kweli nje. Na ile mashine ya kupiga miale inasoma ngozi ya juu pekee. Dawa ni kipande kitobolewe ama kiyeyushwe mbele yako, muuzaji akikataa hakuna biashara. Tena kisheria, chini ya Sheria ya Madini ya 2016, mtu wa kuuza na kununua madini lazima awe na leseni, na madini yakiwa bado ardhini ni mali ya taifa hata kama shamba ni lako, kwa hivo uliza karatasi kabla ya kuuliza bei.

Miamba nitaipitia haraka. Kuna iliyotoka kwa moto, kuna iliyojengwa na mashapo yaliyotulia, kuna iliyogeuzwa na joto na mgandamizo. Ile ya moto angalia ukubwa wa punje: ikipoa polepole chini ya ardhi kristali zinakuwa kubwa unaziona kwa macho, ikipoa haraka juu zinakuwa ndogo. Ya mashapo ina tabaka na punje zilizoshikana, kama mawe ya Mazeras ambayo watu wanabandika kwa geti na ukuta, hilo ni jiwe la mchanga, litazame kwa jua utaona chembe zenyewe. Iliyogeuzwa mara nyingi ina mistari mistari ya nyeusi na nyeupe, ikiwa naisi, ama inang'aa mika yote upande mmoja, ikiwa shisti.

Kwa jikoni hapo ndio majina ya fundi na ya mwanajiolojia yanatofautiana, na si makosa ya mtu. Fundi akisema granaiti anamaanisha jiwe gumu linaloshika polishi, kwa hivo zile meza nyeusi kabisa zinaitwa granaiti na nyingi ni gabro ama mwamba mwingine mweusi usio na kwatzi hata kidogo. Kwako wewe mnunuzi tofauti ya muhimu ni granaiti na marumaru. Marumaru ni chokaa iliyogeuzwa, ni kalsaiti, kisu kinaikwaruza na ndimu inaila. Omba fundi kipande kilichobaki, dondosha ndimu ama siki, acha dakika chache, ikitoa povu ama ikafifia hapo, ujue kachumbari yako itaiharibu. Mawe ya matumbawe ya Mombasa yanatoa povu pia, ni familia moja. Ukuta wa Ndarugu hautoi. Terazo ya nyumba za zamani usiiweke kwa hesabu, hiyo ni simiti iliyochanganywa na vipande vya marumaru, mtu ameitengeneza.

Na kutengenezwa na mtu ndio ukuta wa mwisho ambao vifaa vya nyumbani haviruki. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka wa 1902 njia ya kutengeneza rubi kwa moto, na mpaka leo inatumika. Ile rubi ni korundumu kabisa, ugumu 9, densiti 4.0, na ukiimulika na taa ya kukagua noti inawaka nyekundu hata kushinda nyingi za kuchimbwa. Vipimo vyote nimekueleza itapita. Tofauti iko ndani, kwa darubini: ya kiwanda ina mistari ya kukua iliyopinda na mapovu ya duara, ya ardhini ina mistari iliyonyooka na vipande vya madini mengine vilivyonaswa. Zingine ni za kuchimbwa kweli ila nyufa zimejazwa glasi ya risasi zionekane safi. Hapa broka akikuapia kwa mama yake haisaidii, unahitaji mtu wa maabara.

Hapa Nairobi wizara ya madini ina ofisi Madini House, barabara ya Machakos kule Industrial Area, na idara ya Chuo Kikuu cha Nairobi inayofundisha jiolojia iko Chiromo. Kwa watu wa Taita kuna kituo cha vito pale Voi. Ukienda, beba jiwe jinsi ulivyolitoa, usilisugue na asidi wala kulivunja ulitoe "uchafu", juu ule mwamba uliolishika ndio unaeleza lilitoka wapi. Piga picha ya mahali, hifadhi lokesheni kwa simu, andika kwa karatasi kama lilikuwa kwa mshipa wa mwamba, kwa mto ama juu ya udongo tu, na uweke kila jiwe kwa karatasi yake ya plastiki. Ukiwa na mawe ishirini kutoka sehemu tano na yote yamechanganyika kwa gunia moja, hata mtaalamu mzuri ataweza kukuambia ni madini gani, lakini hataweza kukuambia urudi kuchimba wapi.